Jina la Mvaa-skafu

Kulikuwa na neno moja ambalo Nokhwezi hakuwahi kulitamka tangu aolewe, na kwa bahati yake mbaya ndilo alilotakiwa kwenda kulitamka mbele ya ukumbi mzima wa watu. Mkutubi wa maktaba ya mjini, binti aitwaye Pumeza, alikuwa ameshampangia siku na ameshabandika tangazo mlangoni. Juu ya tangazo aliandika kwa herufi nene: MAMA ANAYEJUA NDEGE. Nokhwezi alipoliona mara ya kwanza alitamani ardhi ipasuke aingie, kisha akalisoma tena polepole, kisha akapita mbele yake makusudi mara ya tatu akijifanya amesahau kitu ndani.

"Picha ya mwisho ndiyo hii," Pumeza akasema, akaiweka juu ya meza. Ilikuwa ya ndege wa mbugani, mgongo wake wa rangi ya majani makavu, koo la rangi ya chungwa lililozungukwa na utepe mweusi. "Hapa unanyamaza kidogo, unawatazama, halafu unawapa jina lake. Makofi. Chai."

"Jina hilo sitalisema, mwanangu."

"Kwani humjui?"

"Namjua kuliko ninavyolijua jiko langu. Ila hilo ni jina la baba mkwe wangu."

Pumeza akacheka, halafu akaona mwenzake hacheki. Siku Mzee Nqilo Mabandla alipozaliwa, inqilo mmoja, ndege huyo huyo wa pichani, alitua juu ya paa la msonge wa bibi yake, akalia ile sauti yake inayofanana na ya paka, na bibi akasema basi, mtoto ameshaitwa. Na mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe, wala neno linalolikaribia. Hata ngumi, ambayo kwao ni inqindi, Nokhwezi aliiita "mkono uliofumbwa". Watoto wake walipokuwa wadogo walipigana makusudi mbele yake, wapate kumsikia akifoka, "Acheni kupigana mikono iliyofumbwa!" Na yule ndege alimtungia jina lake mwenyewe: Mvaa-skafu.

"Karne hii, mama?" Pumeza akauliza.

"Karne ni yako. Baba mkwe ni wangu."

"Basi nilitaje mimi?"

"Utalitaja wewe, watu watasema mama wa ndege hajui ndege wake."

Pumeza akakuna kichwa kwa kalamu. Akasogeza kiti, akashusha sauti kama anayetoa siri, ingawa maktaba ilikuwa tupu. Watu wa mazingira wangekuja kusikiliza, akasema. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuwatembeza watoto wa shule mbugani kila mwezi, mtu wa kulipwa. "Wa vitabuni wanao tele. Wanataka mtu anayeyajua majina yetu, yale ya wazee. Mama, kazi hiyo imekaa kama imeshonwa kwa kipimo chako. Usiniangushe kwa neno moja."

Nokhwezi akaisogeza picha karibu yake. Kulipwa kwa kutazama ndege! Miaka yote alikuwa amechekwa kwa ajili ya jambo hilo, na yeye mwenyewe alishazoea kulifanya kama mtu anayekunywa pombe kwa kujificha. Alirudi kijijini na lile neno "kulipwa" kichwani, na lile jina jingine kooni.

*

Nyumbani hakukosekana maneno. Mama mkwe wake, MaJwarha, alikuwa na ulimi ambao hata kasisi aliukwepa.

"Wenzako wanakwenda mbugani wanarudi na kuni," alisema akichambua maharage. "Wewe unarudi na shingo iliyoteguka. Sasa unakwenda kuhubiri. Utahubiri nini? Kwamba kunguru ni mweusi?"

"Nitaeleza kidogo tu, Mama."

"Haya. Watu wanasomea udaktari, wa kwetu amesomea shomoro."

Mncedisi, mume wa Nokhwezi, alicheka huku akijaribu asionekane. Hakuwa mtu mbaya. Aliporudishwa kutoka migodini na mguu mbovu, ni yeye aliyemletea mkewe darubini yenye kioo kimoja kilichopasuka, akasema ameiokota tu, lakini Nokhwezi alijua hakuna mtu anayeokota darubini. Lakini Mncedisi alipenda mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Tangazo la mlangoni lilimkera. Wanaume kwenye duka la pombe walikuwa wameshaanza kumuuliza kama mkewe hutaga.

Mzee mwenyewe hakusema kitu. Yeye na Nokhwezi hawakuwahi kuzungumza ana kwa ana zaidi ya salamu, maana ndivyo ilivyotakiwa. Lakini kila boma lina njia zake. Mzee Nqilo alizungumza na mbwa. Mbwa huyo aliitwa Bayathetha, yaani "wanasema", jina alilopewa kuwachoma majirani wambea, na mzee alipotaka mkwewe asikie jambo, alikaa kibarazani akamweleza mbwa kwa sauti. "Bayathetha, leo nimeona ndege wawili wanagombana kule bwawani, mmoja ana kishungi." Nokhwezi, akiwa anaanika nguo, angesikia, na kesho yake angekwenda bwawani. Pengine aliporudi na kondoo, mzee aliacha unyoya juu ya nguzo ya lango, akapita kama hakuuweka yeye. Hawakuwahi kuutaja unyoya hata mmoja.

Jioni, siku chache kabla ya mhadhara, MaJwarha aliingia jikoni kutoka kibarazani, uso umekunjamana.

"Mzee atakuja huko mjini."

Nokhwezi akaacha kukoroga umngqusho, makande ya kwao. "Tata? Baba aje kunisikiliza mimi?"

"Ametoa lile koti lake la arusi, analipiga jua. Na amenituma. Amesema, 'Mwambie MaDlomo, pale mjini si kwangu.'"

MaDlomo alikuwa ndiye Nokhwezi, kwa jina la ukoo wa baba yake.

"Basi? Hakusema zaidi?"

"Mzee wangu akisema sentensi nzima, ujue mvua inakuja. Ndiyo hiyo. Pale mjini si kwangu."

Wakatazamana watatu, kisha Mncedisi, aliyekuwa amekaa pembeni akila, akaweka kijiko chini. "Iko wazi mbona. Hapa ni kwake. Ukikosea hapa, tunasameheana. Kule ni ugenini. Usimwaibishe ugenini, ndiyo maana yake."

"Ndivyo nilivyoelewa hata mimi," MaJwarha akasema. "Angalia mdomo wako, mwanangu. Sisemi kwa ubaya. Mimi nimeishi na mtu huyu tangu nikiwa na meno yote, na jina lake sijaligusa. Namwita Bhele, ukoo wake, basi. Usije ukalimwaga wewe mbele ya watu wa mazingira."

"Sitalimwaga, Mama."

Hakuna aliyenyanyuka kwenda kumuuliza. Alikuwa hapo hapo nje ya mlango, anapiga gumzo na mbwa.

*

Siku ilipofika, ukumbi wa maktaba ulijaa kuliko Pumeza alivyotarajia. Watoto wa shule walikaa chini, akina mama wa kanisa wakaja na majaketi yao mekundu, wengine kusikiliza, wengine kuona atakavyoanguka. Nyuma walikaa watu wawili wa mazingira. Karibu yao alikaa Mwalimu Sokutu, mwalimu mkuu mstaafu, aliyehudhuria kila mkutano wa mjini ili apate cha kusahihisha. Na mbele kabisa, kwenye kiti cha kwanza, alikaa Mzee Nqilo na koti lake jeusi lenye harufu ya dawa ya nondo, kofia magotini.

Nokhwezi alisimama mbele yao. Alifungua mdomo, sauti ikagoma. Akina mama wakaanza kukohoa. Ndipo, kwa kukosa la kufanya, akalia kama ng'ang'ane, yule ndege mwenye mdomo mrefu anayeamsha kijiji kizima kwa makelele: "Ng'aa! Ng'aa-ng'ang'ane!" Lo! Watoto walilipuka. Hata mtu mmoja wa mazingira aliangusha kalamu.

Baada ya hapo mambo yakaenda yenyewe. Picha ikaja, picha ikapita. Aliwaonyesha yule anayejenga kiota kama mtu anayejenga nyumba ya mikopo, anaongeza chumba kila mwaka hata mti uinamie. Aliwaeleza yule anayewatupia wengine mayai yake walee, akamtazama mama fulani wa kanisa, na ukumbi ukamwelewa ukacheka. Kila ndege alimtaja kwa jina la wazee, na kila jina watu wa mazingira waliliandika. Nokhwezi alijisikia mrefu. Hakuwa amewahi kuzungumza kwa muda huo wote bila mtu kumkatiza, na hakujua kama kuna utamu wa namna hiyo duniani.

Kisha ikaja picha ya mwisho.

Mzee Nqilo akajongea mbele kwenye kiti. Kofia yake ilianguka sakafuni, hakuiokota.

"Huyu," Nokhwezi akasema, "ndiye nimpendaye kuliko wote. Hakai mtini. Husimama juu ya jiwe au kichuguu, anainua shingo muione skafu yake. Hulia hivi." Akalia, laini, kama paka anayeomba mlango. "Mahali nyasi zinapochomwa ovyo anahama. Ninyi watoto, wengi wenu hamjamwona. Mimi namwita Mvaa-skafu."

Vicheko kidogo. Mkono wa Mwalimu Sokutu ukapanda.

"Tumefurahi sana, mama. Lakini hilo la skafu ni lakabu, umetunga. Jina lake hasa, kwa lugha yetu?"

"Ndiyo, jina lake," mtu wa mazingira akadakia, kalamu mkononi.

Nokhwezi akatazama mbele. Baba mkwe wake alikuwa anamtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Na akatikisa kichwa, mara moja, kukubali. Nokhwezi akaona anamshukuru mapema kwa kulinda heshima yake. Moyo ukamjaa. Angeweza kusema, "Ni jina la mtu ninayemheshimu." Hata hilo lingetosha. Lakini macho yote yangemwangukia mzee, na alikuwa ameonywa kuhusu ugenini. Akashika njia fupi.

"Silijui, Mwalimu."

Akina mama wakaanza kunong'ona. "Halijui!" mmoja akasema bila hata kuficha. "Ndege anayempenda kuliko wote!" Mwalimu Sokutu akasimama, akamtaja ndege kwa jina lake la Kizungu, akalirudia taratibu kwa faida ya walioandika, akakaa. Kalamu zikaandika hilo. Pumeza akapiga makofi peke yake, watu wakafuata kwa adabu, na chai ikaletwa.

Mzee Nqilo aliinama akaokota kofia. Ilimchukua muda mrefu kuipata. Akaivaa humo humo ndani, akatoka.

*

Walirudi kwa pikapu ya jirani. Mncedisi alimgusa mkewe mkono na kusema, "Umefanya vizuri. Umemheshimu Tata," na Nokhwezi akaitikia kwa kichwa, ingawa alikuwa anameza machozi. Kijijini walimpokea wanawake wa bombani. "Mama wa ndege, yule mwenye miguu miwili anaitwaje?" Wakacheka hadi ndoo zikamwagika.

Baada ya wiki moja Pumeza alipiga simu. Hakuzunguka. Watu wa mazingira walimpenda sana, walicheka sana, lakini wamemchukua Mwalimu Sokutu. "Wamesema wanahitaji mtu mwenye uhakika. Nimejaribu kuwaeleza, mama. Wameniuliza, kama alilijua, kwa nini aseme halijui?"

"Usijali, mwanangu," Nokhwezi akasema, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka maziwa yakachemka yakamwagikia moto.

Hilo angelizoea. Alikuwa amezoea makubwa zaidi. Lililomsumbua ni mzee. Tangu siku ile hakuacha unyoya wowote langoni, na alipokaa kibarazani alikaa kimya. Koti la arusi lilirudi sandukuni. Kifua chake, kilichokula vumbi la migodi ujanani, kikaanza kukoroma. Nokhwezi alijiuliza amekosa wapi. Neno alilotakiwa kulilinda amelilinda!

Asubuhi moja alikuwa anaanika mashuka nyuma ya msonge aliposikia sauti.

"Bayathetha."

Akasimama na shuka mkononi.

"Bayathetha, mwenzangu, mimi nilisema pale mjini si kwangu. Nilisema vizuri. Si kwangu, si bomani kwangu, sheria zangu zinaishia langoni. Mtu yuko huru. Sijui walisikia nini." Akakohoa, akangoja pumzi irudi. "Tangu kaka yangu Zwelonke azikwe, hakuna aliyebaki wa kuniita. Huyu ananiita Bhele. Wale wananiita Tata. Kliniki wananiita Wilson, jina la karatasi. Nikasema, siku hiyo nitaitwa. Na mtu atakayeniita anamjua yule ndege kweli kweli, siyo wa kubahatisha. Nikavaa koti." Akamkuna mbwa kichwani. "Akasema hanijui."

Nokhwezi aliziba mdomo kwa shuka lililolowa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa! Lile tikiso la kichwa lilikuwa ni kumwambia, sema. Alikuwa amemsihi kwa macho mbele ya watu, na yeye akamkana mbele ya watu hao hao.

Alitaka kuzunguka msonge aseme. Alitembea hatua kadhaa, neno likiwa limeshafika kwenye meno. Lakini hapa palikuwa kwake mzee, ndani ya lango lake, na ruhusa haikuwa ya hapa. Na mdomo wenyewe, uliofundishwa tangu ubibi-arusi, ukakaza kama wa mtoto anayekataa dawa. Alipotokea mbele ya kibaraza alichoweza kutoa ni salamu ya kila siku, "Molo, Tata. Nikuletee chai?"

"Asante, mwanangu," mzee akasema, akitazama mlima.

Nokhwezi akajipa mpango. Ijumaa ilikuwa siku ya pensheni. Wazee wote wangepelekwa mjini. Angesimama naye kwenye foleni, angelisema pale, mchana kweupe, na Mwalimu Sokutu akiwepo ndiyo vizuri zaidi. Alilifanyia mazoezi mbugani, peke yake, na mara ya kwanza alipolitoa alitazama nyuma kama mwizi.

Ijumaa haikumkuta mzee nyumbani. Jumatano pumzi ilimkwama, pikapu ya jirani ikamkimbiza hospitali.

*

Mzee alilala macho yamefumbwa, bomba la hewa puani. Daktari alikuwa amemwambia Mncedisi aite ndugu. Mncedisi akatoka kwenda kupiga simu, na wanawake wawili wakabaki kando ya kitanda, kila mmoja na shali yake mabegani, mchana wa jua kali dirishani.

Nokhwezi akamweleza mama mkwe wake. Alieleza yote, la kibarazani na la koti. Alitegemea tusi. MaJwarha alisikiliza akikunja na kukunjua ncha ya shali.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeuleta ujumbe na sikuujua," alisema mwisho.

"Hatukuujua sote, Mama."

"Mimi ni mkewe." Akafuta pua. Alimtazama mumewe muda mrefu, kisha akatazama vitanda vingine, na muuguzi aliyekuwa anasukuma toroli ya dawa, na kuta zenye rangi ya kijani. "Hapa ni kwa nani?"

"Ni pa serikali, Mama."

"Basi si kwake."

Nokhwezi akakaza shali yake mabegani.

"Nimesema si kwake, MaDlomo. Unangoja nini?"

Akainama karibu na mto. Alipolitamka lilitoka dogo, halikuishinda hata sauti ya bomba la hewa. "Nqilo." Mzee hakutikisika. "Nqilo," akasema tena, na sasa alikuwa analia, maneno yakigongana. "Nqilo, ni mimi, nilikujua, nilikujua siku ile pia. Nqilo." Kifua kilipanda na kushuka vile vile. Wagonjwa wa jirani wakageuza vichwa, na muuguzi akasimamisha toroli.

"Hapo unaita bure," MaJwarha akasema. Alinyanyuka, akavuta kiti chake mwenyewe akampisha. "Sikio la upande huo lilikufa mgodini. Njoo huku. Na upaze sauti."

Nokhwezi akazunguka kitanda, akaanza upya.